Kabla Mkwiro Haujagusa Ngozi

Mpigaji wa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, hapa Bujora, nje kidogo ya Mwanza upande wa Kisesa, hakazi mkono. Anaushika mkwiro kwa ulegevu, anaudondosha juu ya ngozi ya ng'ombe, anauinua mlio ukiwa bado unatoka. Wachezaji wanazungusha majembe kwa mapigo hayo. Mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo, makundi ya Bagika na Bagalu yanaposhindana kuvuta watu, mkono huo hufanya kazi kutwa.

Amri hutoka ubongoni, hushuka uti wa mgongo, kisha husafiri kama umeme ndani ya neva hadi kwenye msuli wa kigasha. Hapo umeme hukoma, kwa kuwa neva haiugusi msuli. Kati yao kuna mwanya wa nanomita 50 hivi. Mianya 20,000 ya namna hiyo ikipangwa bega kwa bega ndipo ijaze milimita moja. Makutano haya ndiyo sinapsi, na kinachovuka ni kemikali.

Akiba iko tayari kwenye ncha ya neva: vifuko vidogo vilivyojipanga ukingoni, kila kimoja na maelfu ya molekuli za asetilkolini. Umeme ukifika, milango ya kalsiamu hufunguka. Kalsiamu ikiingia, protini huvuta vifuko mpaka utando wavyo uungane na utando wa neva, na makumi ya vifuko humwaga shehena kwa mara moja. Ng'ambo vipo vipokezi. Kila kimoja ni protini ya vipande vitano vilivyozunguka tundu, na kina nafasi mbili za asetilkolini. Nafasi zote mbili zikishikwa, tundu hufunguka, sodiamu huingia, na msuli huanza kujikunja. Kuvuka kwenyewe huchukua kama milisekunde moja.

Mimi, hata hivyo, huwastaajabia wafagiaji kuliko wapelekaji. Asetilkolini ikibaki mwanyani, msuli hauwezi kujiandaa kwa pigo la pili. Basi humo humo kimesimikwa kimeng'enya kiitwacho asetilkolinesterasi, ambacho kimoja tu hukata maelfu ya molekuli kwa sekunde. Kolini inayobaki hurudishwa ndani ya neva, huundwa upya, hupakiwa tena. Mpigaji naye utamjua kwa anavyoinua: mkwiro ukilala juu ya ngozi, mlio hufa.

Kijana anayejifunza hurudia pigo lile lile mpaka wasikilizaji wachoke. Ubongoni mwake, sinapsi zinazotumika sana pamoja huweza kuongezewa vipokezi, nazo huwa nyepesi kuitika. Hakuna njia ya mkato.

Wasukuma wana pia Bayeye, wacheza nyoka, ambao kwa jadi hutibu walioumwa. Sumu ya nyoka nayo hugonga makutano haya haya: ya baadhi ya swila ina protini inayokalia vipokezi vya msuli; kope hulegea kwanza, pumzi hufuata. Koboko ana sumu za kuziba vipokezi, na nyingine inayomfunga mfagiaji mwenyewe. Mwaka 1963, Chang na Lee wa Taiwan walitenga sumu ya kuziba kutoka kwa nyoka wa kwao. Kwa kuwa hung'ang'ania kipokezi na haibanduki kwa urahisi, mwaka 1970 Jean-Pierre Changeux na wenzake huko Paris waliitumia kukinasa kipokezi chenyewe, kutoka kwa samaki wa umeme.