Chaja, Adapta na Kebo: Uhakiki wa Istilahi za Umeme wa Kompyuta Mpakato

Miongoni mwa istilahi zinazosubiri kusanifiwa, zile za vifaa vidogo vidogo ndizo zinazopewa uzito mdogo kuliko zote. Wataalamu hubishana siku nzima juu ya jina la mashine yenyewe, iwe kompyuta mpakato au kipakatalishi kama wapendavyo wenzetu wengi wa Kenya. Lakini kile kijisanduku cheusi kinachoilisha umeme, pamoja na kebo zake, huachwa vibatizwe na yeyote atakayetangulia kuviona. Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki majina hayo jinsi yanavyotumika katika vijikaratasi vya maelekezo, hati za ununuzi na vitabu vya mafunzo. Si suala la urembo wa lugha. Tafsiri mbovu ya riwaya humchosha msomaji, ilhali tafsiri mbovu ya maelekezo ya umeme huweza kuiunguza mashine ambayo mwalimu ameinunua kwa akiba ya miezi mingi.

Yafaa kwanza tukumbushane kazi ya kifaa chenyewe, kwani istilahi isiyojua kazi ya kitu haiwezi kukitaja. Umeme wa ukutani katika Tanzania ni wa volti 230, nao ni mkondo geu, yaani hugeuza mwelekeo wake mara kwa mara. Kompyuta mpakato haiwezi kuutumia hivyo ulivyo. Kile kijisanduku huupokea, hupunguza volti zake, huufanya uwe mkondo mnyoofu, kisha huupeleka kwenye kompyuta. Ukikigeuza utaona lebo. Lebo ya kawaida husema kuwa umeme unaoingia ni volti 100 hadi 240, na unaotoka ni volti 19 kwa ampea 3.42. Zidisha hizo mbili utapata wati 65, kasoro kidogo tu. Lebo hiyo ndiyo inayoamua adapta ipi inafaa na ipi haifai, na tafsiri nyingi huteleza hapo hapo.

Tuanze na neno chaja. Neno hili limeenea mjini na shambani, nasi hatuna nia ya kulifukuza. Hata hivyo, kwa kompyuta mpakato linasema jambo lisilo kweli. Kinachoijaza betri ya kompyuta, kikipima lini ianze kupokea umeme na lini iache, ni saketi iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe. Kijisanduku cha nje hutoa tu umeme wa volti zilizotulia. Ungeiondoa betri katika mashine nyingi za zamani, kompyuta ingeendelea kufanya kazi kwa umeme huo huo. Mtu akisema dukani, "Naomba chaja ya kompyuta," ataeleweka na atapewa alichotaka. Lakini mwandishi wa kitabu cha ufundi akiandika kuwa chaja ndiyo inayosimamia ujazaji wa betri, amemfundisha mwanafunzi uongo, naye fundi huyo kesho atabadilisha adapta tatu nzima akitafuta ubovu ulioko ndani ya mashine.

Kwa hiyo wengine wamekimbilia adapta. Ni neno zuri kwa matamshi na linakubali viambishi vyetu bila shida: adapta hii, adapta hizi. Taabu yake ni kwamba limekwisha kubeba mizigo mitatu. Huitwa adapta kile kijisanduku tulichokieleza. Huitwa adapta kile kipande kidogo cha msafiri kinachoiwezesha plagi ya nchi moja kuingia katika soketi ya nchi nyingine. Na huitwa adapta pia kile kiunganishi kifupi kinachobadili tundu la kompyuta la aina moja kuwa la aina nyingine. Vitu hivi havina undugu. Kile cha msafiri hakibadilishi volti hata moja. Hubadili umbo la pini tu. Hati moja ya ununuzi iliyopitia mezani mwetu kwa ajili ya kusahihishwa lugha iliagiza "adapta 40 za kompyuta mpakato" bila neno zaidi. Muuzaji mwenye hila, au hata mwenye nia njema, angeweza kuleta vipande 40 vya msafiri, na mwagizaji asingekuwa na hoja ya kumrudishia kwa kuwa lugha ya hati ilimruhusu.

Pendekezo letu ni kwamba adapta ibaki kwa kijisanduku peke yake, na katika hati rasmi iandikwe kwa ukamilifu: adapta ya umeme. Kipande cha msafiri kiitwe kibadili-plagi, kwani hicho ndicho kinachobadilishwa, na cha tatu kiitwe kiunganishi. Tunajua kuwa wauza maduka hawatatutii. Hatuwatungii wao, tunawatungia wale ambao maandishi yao hutiwa sahihi.

Kuna pendekezo jingine ambalo tumelisikia kwa walimu kadhaa, nalo ni kipoza-umeme. Tunakiri kuwa lina mvuto. Kila Mtanzania amesikia habari za vituo vya kupoza umeme, ambako umeme mkubwa wa njia za mbali hupunguzwa volti kabla ya kufika mijini, na adapta kwa hakika hufanya kazi ya namna hiyo kwa kipimo kidogo. Neno limetokana na kitenzi chetu wenyewe na halihitaji maelezo marefu. Mbona basi tunalikataa? Kwanza, linataja nusu ya kazi tu na kuiacha nusu ya pili, ile ya kunyoosha mkondo, ambayo bila hiyo kompyuta haiwashiki. Pili, na hili ndilo zito zaidi, kompyuta hiyo hiyo ina vifaa vinavyoipoza kweli kweli: feni ya ndani, na kile kibao chenye feni ambacho watu huiwekea chini isipate joto. Mwanafunzi akisoma "hakikisha kipoza kimechomekwa," atashika kipi? Kitenzi kupoza kiachwe kwenye vituo vya umeme, ambako hakina mshindani.

Sasa tuje kwenye neno tunaloliona kuwa la hatari kuliko yote, nalo ni neno la Kiswahili safi: nguvu. Tumesoma maelekezo yasemayo, "Tumia adapta yenye nguvu sawa na ya awali, usitumie yenye nguvu zaidi." Mfasiri hakukosa sarufi wala hakukopa neno. Ila sentensi yake haina maana moja. Msomaji wa kawaida aambiwapo nguvu ya umeme hufikiria volti, maana ndiyo inayopigwa na kutisha. Mwanafunzi wa fizikia hufikiria wati, maana ndivyo alivyofundishwa. Na fundi wa mtaani huenda akafikiria ampea. Watu watatu wataondoka na adapta tatu mbalimbali.

Tofauti hizi si za darasani tu. Volti za adapta ya kawaida yenye kichwa cha mviringo hazina budi kulingana na zile zilizoandikwa chini ya kompyuta. Mashine ya volti 12 ikichomekwa kwenye adapta ya volti 19 huweza kuharibika mara moja. Ampea hazina masharti hayo. Zile za adapta zisipungue zile zinazotakiwa na kompyuta, lakini zikizidi hakuna neno. Adapta ya volti 19 na ampea 4.74, yaani wati 90, huitumikia kwa usalama kompyuta ya volti 19 iliyotengenezewa wati 65, mradi kichwa kinaingia sawasawa na ncha chanya na hasi zimepangwa vilevile. Basi onyo la mfasiri wetu, "usitumie yenye nguvu zaidi," ni la kweli kwa volti na ni la uongo kwa ampea na wati. Aliyelitii kwa maana ya wati ataiacha adapta njema dukani. Aliyelielewa kwa maana hiyo hiyo na kudhani kuwa pungufu ndiyo salama atanunua ya wati 45, nayo itapata joto kupita kiasi au itashindwa kuijaza betri mashine ikiwa kazini.

Dawa yake imo katika lugha ya watu wenyewe. Waswahili husema friji inavuta umeme mwingi, pasi inavuta umeme mwingi. Kitenzi kuvuta kinaeleza barabara kuwa ni chombo kinachochukua ampea kadiri ya haja yake, wala si adapta inayomsukumia. Maelekezo yangeandikwa hivi: "Volti ziwe sawa. Ampea za adapta zisiwe chini ya zile kompyuta inazovuta." Sentensi mbili fupi, na neno nguvu halimo. Tungependa liondolewe kabisa katika maelekezo ya umeme, na mahali pake pawekwe jina la kipimo kinachokusudiwa: volti, ampea au wati.

Juu ya lebo yenyewe hatutakawia. Wapo waliotafsiri umeme unaoingia kuwa ingizo, na unaotoka kuwa pato. Pato ni la mkulima na la mfanyabiashara, nalo hutozwa kodi. "Umeme unaoingia" na "umeme unaotoka" ni maneno marefu kidogo, lakini hakuna atakayeyauliza maana.

Imebaki kebo. Waya ni uzi mmoja wa chuma upitishao umeme, na kebo ni nyaya kadhaa zilizofungwa ndani ya gamba moja. Kwa hiyo kinachotoka kwenye adapta ni kebo, hata kama midomo yetu husema waya. Adapta nyingi zina kebo mbili, na maelekezo mengi huzitaja kama moja. Tuziite kebo ya ukutani na kebo ya kompyuta. Ya kwanza hubeba volti 230, na hiyo ndiyo yenye kuua. Ya pili hubeba volti kidogo. Kusema "usiguse kebo iliyochubuka" bila kutofautisha si kosa, ila kusema "kebo ikichubuka izungushie utepe," kama tulivyosoma mahali, ni kosa kubwa kwa ile ya ukutani.

Mambo yamezidi kuwa mapya tangu lilipotokea tundu la aina ya C mwaka 2014. Hapa kanuni ya volti kuwa sawa imebadilika, kwa maana adapta huanza na volti 5, kisha huafikiana na kompyuta kabla ya kupanda hadi 9, 15 au 20. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 iliiweka tarehe 28 Aprili 2026 kuwa mwanzo wa kulazimisha tundu hilo kwa kompyuta mpakato zinazouzwa huko, na kwa kuwa watengenezaji hawatengenezei Ulaya mashine za peke yake, vijikaratasi vyake vitatufikia sisi pia. Tayari tumeona "kebo yoyote ya C inafaa." Haifai yoyote. Kebo ya kawaida ya C huishia ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kupita hapo hutakiwa kebo ya ampea 5, ambayo ndani ya kichwa chake mna kijisaketi kinachoijulisha adapta uwezo wa kebo hiyo. Mfasiri mmoja ameiita kebo yenye alama. Msomaji ataizungusha mkononi akitafuta alama iliyochapwa, asiione, aitupe. Tunapendekeza kebo yenye kitambulisho, kwa kuwa inajitambulisha yenyewe pale inapochomekwa.

Plagi ni neno lililokwisha kukaa, tatizo lake ni jiografia tu. Plagi ya pini tatu bapa yenye fyuzi ndani, iliyorithiwa kwa Waingereza, hutumika Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na hata Muscat. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi huzoea pini za mviringo. Maelekezo ya Kiswahili yanayosema tu "chomeka plagi ukutani" hudhani kuwa wasemaji wote wa lugha hii wana ukuta mmoja. Katika matoleo yanayokusudiwa kuvuka mipaka, mfasiri ataje umbo la pini, na aeleze kuwa adapta yenye lebo ya volti 100 hadi 240 inahitaji kebo nyingine ya ukutani au kibadili-plagi peke yake, wala si adapta mpya.