Steringi Anayeumia

Wapenzi wengi wa picha za kareti huziweka zile za kuchekesha daraja la pili. Kwao Bruce Lee ndiye mpiganaji hasa. Jackie Chan ni mchekeshaji anayejua kurusha mateke. Naona wamepindua mambo. Steringi asiyeshindika anahitaji kasi na uso mkali, basi. Anayechekesha lazima akosee, na kukosea kwa makusudi, kwa wakati barabara, huku miguu yote iko hewani, ni kazi ya aliyebobea.

Tazama Drunken Master, ambayo Yuen Woo-ping aliiongoza mwaka 1978. Mhusika wake mkuu, Wong Fei-hung, alikuwa mtu wa kweli, mwalimu wa kung fu wa kusini mwa China, na sinema za Hong Kong zilikuwa zimezoea kumwonyesha kama mzee wa heshima zake. Hapa Chan anamfanya kijana mtundu anayetoroka mazoezi. Anafundishwa mtindo wa kilevi wenye miigo minane ya watakatifu wa Kichina, lakini ule wa mtakatifu wa kike anaudharau, hajifunzi. Siku ya kupambana na adui mkuu, miigo saba haitoshi. Inambidi abuni wa nane papo hapo. Watu wanacheka anavyojishebedua na kuzungusha kiuno, kumbe madaha yale yote ni mapigo. Ukiondoa mzaha, steringi anapigwa.

Ustadi huo haukuzuka tu. Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa Hong Kong katika shule ya opera ya Kichina ya mwalimu Yu Jim-yuen, wakifunzwa sarakasi, uimbaji na silaha kwa pamoja. Katika opera hiyo pambano hufuata ngoma: pigo, kituo, mapigo mawili, kituo. Kicheko hukaa kwenye kituo. Kamera nayo husogea nyuma ili mpigaji na mpigwa waonekane pamoja, mwili mzima. Ukikatakata picha, mzaha unakufa. Kwa hiyo hata katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki, asiyejua neno la Kikantoni hakuhitaji kufasiriwa ateguke mbavu wapi.

Wapo wanaosema kuchekea ngumi ni kuufanya ukatili mwepesi. Mimi naona picha zisizocheka ndizo zinazodanganya: mtu anavunja taya za watu kumi na ngumi yake haiwashi. Chan akipiga, anaukung'uta mkono kwa maumivu. Katika Project A ya 1983 anadondoka kutoka kwenye saa ya mnara, akimkumbuka mchekeshaji wa sinema Harold Lloyd aliyening'inia saani mwaka 1923, na mwishoni tunaonyeshwa majaribio yaliyoharibika.

Hoja nzito zaidi ni ya mifupa halisi. Akitengeneza Armour of God huko Yugoslavia, Chan alianguka kutoka mtini akapasuka fuvu. Hilo silitetei, wala mtazamaji hana haki ya kudai damu ili acheke. Ila hatari siyo iliyozibeba picha hizi. Katika First Strike ya 1996 anazingirwa akiwa na ngazi ya kukunja: anaizungusha, anapenya kati ya vipago vyake, anawabana maadui humohumo. Hakuna mnara wala mti, na ndilo pambano lake ninaloliweka juu ya yote.