Viraka vya Missouri Pettway

Kiswahili chetu hakijakitendea kiraka haki. Suruali yenye kiraka ni ya maskini. Barabara ya viraka ni ya mkandarasi mwizi. Sera ya kuweka viraka ni ya serikali isiyotaka kushughulikia shida yenyewe. Ni watangazaji wa mpira tu waliokipandisha hadhi: kwao mchezaji kiraka ni yule unayempanga popote na kazi inaenda. Ukimwambia nyanya yangu kwamba wikendi yote nimejifungia ndani nikikata nguo nzima ili niziunganishe tena, atakuuliza kama niko sawa.

Lakini hivyo ndivyo nilivyofanya, na ndiyo sababu nataka tuuzungumzie mfarishi mmoja. Mfarishi ndilo jina la kamusi la lile blanketi la tabaka tatu: juu vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima, halafu uzi unaopita kote kuvishikanisha. Mtaani wengi wetu tunasema tu blanketi la viraka. Ninaouzungumzia ulishonwa mwaka 1942 na Missouri Pettway, katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani. Mumewe alikuwa amefariki. Binti yake Arlonzia, ambaye naye alikuja kuwa mshonaji mashuhuri, alisimulia baadaye kwamba mama alizichukua nguo za kazi za marehemu akazishona pamoja, apate kumkumbuka na kujifunika mapenzi yake.

Hadithi hiyo pekee inatosha kukuliza, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukishalia, huangalii tena. Basi tuangalie. Mfarishi wenyewe una urefu wa zaidi ya mita 2, na rangi zake ni zile za shambani: bluu zilizopauka, kijivu, kahawia. Mapande makubwa yamekaa kando ya vipande vyembamba virefu. Hakuna mstari ulionyooka kabisa, na hakuna pande lililo pacha wa jirani yake. Mikunjo na madoa hayakufichwa. Lakini usidhani ni fujo. Jicho lako likianza pembeni linavutwa kuelekea katikati, linakwama kwenye pande zito, linateleza kwenye ukanda mwembamba, kisha linapumzika. Huyu mama alijua uzito wa rangi. Alijua bluu iliyochujuka inahitaji kahawia kando yake ili isionekane imekufa. Huzuni haikumfundisha hayo. Alikuwa ameyajua kabla ya msiba.

Nasisitiza hili kwa sababu ya jinsi dunia ilivyowapokea wanawake wa Gee's Bend. Kijiji hicho kimezungukwa na mto Alabama pande tatu. Wengi wanaitwa Pettway kwa sababu hilo lilikuwa jina la mwenye shamba aliyewamiliki babu zao kama watumwa. Miaka ya 1960, wanakijiji walipoanza kuvuka kwenda Camden kujiandikisha kupiga kura, feri ilisimamishwa. Haikurudi hadi 2006. Kati ya miaka hiyo, mwaka 2002, mifarishi yao ilionyeshwa Houston, kisha ikapelekwa jumba la Whitney, New York. Wakosoaji wakashtuka. Wakataja Matisse. Wakataja Klee.

Hizo zilikuwa sifa, sawa. Ila zilikuja na maelezo mawili ambayo nayakataa. La kwanza ni kwamba kumfananisha mama wa Alabama na mchoraji wa Paris ndiyo njia ya kumpa heshima, kana kwamba kazi yake ilikuwa inasubiri muhuri. La pili ni baya zaidi, kwa sababu linasemwa kwa upole: kwamba umaskini ndio uliobuni. Hawakuwa na vitambaa, kwa hivyo ikabidi wawe wabunifu. Jamani. Umaskini ungekuwa unabuni hivyo, sisi wa Nairobi tungekuwa na majumba ya sanaa kila kona. Umaskini uliwapa nguo kuukuu tu. Kupanga ilikuwa kazi yao. Wana hata msamiati wao: mtindo wanaouita paa la nyumba huanza na kipande kimoja katikati, kisha unazungushia vipande vyembamba, duru baada ya duru, hadi kitanda kijae. Kanuni ni moja, lakini weka wanawake kumi kwenye kanuni hiyo na utapata mifarishi kumi isiyofanana. Huo ni usanii, na nidhamu yake inarithiwa mama kwa binti.

Sasa tuje kwa mifarishi inayoitwa ya kisasa, ile inayojaa kwenye simu zetu. Vuguvugu lake lilipata chama chake mwaka 2009, likianzia Los Angeles. Utaitambua haraka: rangi tupu zisizo na maua, nafasi kubwa nyeupe au ya kijivu, umbo moja limesukumwa pembeni makusudi, mistari inayokwenda mshazari. Wengi wao wanakiri waziwazi kwamba walijifunza kutoka Gee's Bend. Na kuna kazi nzuri humo. Ile nafasi tupu ikitumiwa vizuri ni kama ukimya katikati ya taarab: unasikia kilichotangulia na unasubiri kinachokuja.

Tatizo langu ni kwamba nyingi zimeiga sura zikaacha sababu. Mtu ananunua vitambaa vipya, rangi zimeshapangwa dukani zisigombane, anavikata ovyo ili vionekane havikupangwa. Mistari imepinda, lakini imepinda kwa adabu. Hakuna kipande kilichokuja na tabia yake kikamlazimisha mshonaji abadilishe mawazo. Ni kama mahojiano ambayo maswali na majibu yote yameandikwa na mtu mmoja.

Simaanishi kitambaa kipya ni dhambi. Naweka kipimo, na nimekipata mezani, si vitabuni. Ukishona kwa mshono wa kawaida wa robo inchi, kila kipande kinapoteza robo kila upande. Mraba wa inchi 4 unabaki inchi 3 na nusu. Hakuna kipande kinachoingia kwenye mfarishi kikiwa kizima. Ili kiungane na jirani lazima kiachie ukingo wake. Kipimo changu ni hicho basi: je, kipande hiki kimelipa nini kukaa hapa? Kimemlazimisha mwenzake asogee? Ukikitoa, kuna kitakachoanguka? Kwenye mfarishi wa Missouri, ukitoa ukanda mmoja mwembamba mapande makubwa yanagongana. Kwenye kazi nyingi za kisasa, toa chochote unachotaka. Hakuna atakayegundua.

Kuna na suala la nani anakula. Mwaka 1966, wakati wa harakati za haki za raia, wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wa kushona, Freedom Quilting Bee, ili waache kutegemea shamba la mtu mwingine. Mwaka 1972 walipata kandarasi ya kuwashonea Sears foronya za mito. Pesa iliingia, ila foronya lazima zifanane, na mabaki ya kitambaa hicho kizito cha koduroi yakaenda nyumbani yakawa mifarishi ambayo haikufanana kamwe. Mwaka 2006 picha za mifarishi ya Gee's Bend zikawekwa kwenye stempu za Marekani. Mwaka uliofuata baadhi ya washonaji, akiwemo Annie Mae Young, walikwenda mahakamani wakidai hawakulipwa inavyostahili. Kesi zikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2008. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema mtindo huu ni wa kila mtu, muulize: na hela je?

Tunafaa kuuliza hilo hata hapa, maana hatuko mbali na hadithi hii tunavyodhani. Leso yenyewe inasimuliwa kwamba ilianza kama kazi ya kuunganisha. Jina lake linatokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado jora moja, wakakata sita, wakagawa tatu tatu na kushona pande mbili hizo pamoja wapate nguo pana. Baadaye viwanda vikaiga na kuchapa leso nzima, na sisi tukasahau ule mshono wa katikati. Yaani vazi tunalompa bibi harusi na kumfunikia mtoto mchanga lilianza kama viraka, na lilibuniwa na wanawake waliokataa kuvaa kilichopangwa na muuzaji.

Na leo tuna Gikomba. Tuna mabelo ya nguo ambazo zimeshavaliwa na watu tusiowajua, zimepauka kwapani, zimeisha magotini. Mali ghafi tunayo kuliko mtu yeyote wa Los Angeles. Tunachokosa ni ujasiri wa kuviacha viraka vionekane vilikotoka. Jaketi nyingi za viraka ninazoziona mjini zimeoshwa hadithi zote, zikapigwa pasi, zikapandishwa bei.

Nilisema wikendi yote nilikuwa nimejifungia. Nilikuwa na dastikoti mbili za babu, za rangi ya kaki, na mashati matatu. Nguo zake nyingine ziligawiwa jamaa baada ya matanga, kama ilivyo desturi; hizi hakuna aliyezitaka kwa sababu ni za kazi. Nilipobandua mfuko wa kifuani, chini yake kaki ilikuwa bado mpya, mraba mweusi kidogo uliokuwa haujaona jua tangu koti lishonwe. Nilikuwa nimepanga kuuweka pembeni, kwa mtindo wa kisasa, nafasi kubwa tupu kando yake. Haukukubali. Kila nilipouweka ulivuta macho, vingine vyote vikawa takataka. Mwishowe nikauweka katikati na kuanza kuzungushia vipande vyembamba vya mashati, paa la nyumba, bila hata kukusudia.

Bado haujaisha. Mshono mmoja umepinda vibaya na sitaufumua. Nyanya alipita, akaugusa ule mraba mweusi, akaujua mfuko mara moja. Hakuniuliza tena kama niko sawa. Alitaka tu kujua utatosha kitanda cha ukubwa gani.