Juu ya Neno "Digrii" katika Uchoraji wa Mistari Iliyopinda

Afasiriye programu za uchoraji kama FreeCAD hukutana na amri mbili: moja ya kuongeza, nyingine ya kupunguza, kile ambacho Waingereza hukiita digrii ya mstari uliopinda. Njia nyepesi ni kulichukua neno hilo kama lilivyo. Naona kwamba wepesi huo una hasara.

Digrii kwetu ni kipimo cha joto au cha pembe, na pengine shahada ya chuo. Asikiaye "mstari wa digrii tatu" atadhani kwamba umepinda kwa pembe ndogo, na kwamba kuongeza digrii ni kuupinda zaidi. Sivyo. Hesabu hiyo ni kipeo kilicho kikubwa kuliko vyote katika fomula ya mstari. Neno kipeo watoto hufundishwa shuleni, pamoja na kipeuo. Basi "mstari wa kipeo cha tatu" hujieleza wenyewe. Daraja halifai, kwa kuwa lina harufu ya cheo, hali mstari wa kipeo kikubwa si lazima uwe bora.

Splaini nayo ina jina la kufaa. Hapo kale lilikuwa jina la ubao mwembamba ambao wachoraji wa merikebu waliupinda na kuushikiza kwa vipande vizito vya risasi, I. J. Schoenberg alilitia katika hisabati mwaka 1946. Sisi tunao ufito, ambao kila mjenzi wa nyumba za udongo anaujua.

Lakini kosa kubwa limo katika vitenzi. Tukisema "kupandisha" na "kushusha", twaeleza safari ya kwenda na kurudi kwa njia moja, kama mtu apandaye Morningside kutoka Morogoro kisha akateremka. Tumchukue mwanafunzi achoraye tuta la ngazi katika mteremko wa Uluguru. Kipande kimoja cha ufito wa kipeo cha tatu kina nukta nne za kukiongoza. Akikifanya kuwa cha kipeo cha nne, nukta zitakuwa tano, na umbo halibadiliki hata kidogo. Akiisha kuisogeza nukta moja, kisha akarudi kipeo cha tatu, kwa kawaida umbo lile halipatikani tena. Programu hukadiria tu, na mstari huhama. Tuta lisilofuata kimo kimoja hukusanya maji mahali pamoja, na udongo huchukuliwa.

Milima hiyo imekwisha kuonja mipango iliyopendeza katika karatasi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 ghasia zikazuka. Sababu zilikuwa nyingi, ila mojawapo ilikuwa kwamba uchimbaji ulileta juu udongo usio na rutuba.

Kwa hiyo nashauri amri ya kwanza iitwe "kuongeza kipeo", na ya pili "kukadiria kwa kipeo kidogo". Huenda ikasemwa kwamba jina la pili ni refu. Ni kweli, lakini urefu huo humwonya mchoraji kabla hajapoteza umbo alilolihangaikia, na onyo hilo "kushusha digrii" haliwezi kulitoa.