Presha, mgandamizo au kanieneo? Mawe ya Kajiado yatuamue

Wanaodai Kiswahili hakina maneno ya fizikia wanakosea. Shida yetu ni maneno mengi tunayoyatumia ovyo. Chukua mfano wa Kajiado.

Katika viwanda vya saruji vya Athi River, jirani na Kitengela, mawe ya chokaa huchomwa. Yakifika takribani nyuzi 900 za Selsiasi huvunjika, na gesi ya kabonidioksidi ikatoka. Kumbe marumaru inayochimbwa Kajiado ilitokana na mawe kama hayo, nayo pia yalipata joto kali. Mbona hayakuvunjika? Kwa sababu chini ardhini uzito wa miamba uliibana gesi isitoke, na fuwele za jiwe zikajipanga upya. Mskoti James Hall alilithibitisha jambo hili kwa kuchoma chokaa ndani ya mitutu ya bunduki iliyozibwa, akawasilisha matokeo yake Edinburgh mwaka 1805.

Sasa, hicho kilichobana tukiiteje? Waandishi wetu huandika presha, shinikizo au mgandamizo, lolote linalowajia. Presha mtaani ni ugonjwa, na shinikizo limetekwa na wanasiasa. Hayo navumilia, maana muktadha huweza kuyatenganisha. Nisilovumilia ni mgandamizo. Neno hili lataja matokeo, yaani kitu kubanwa hadi ujazo wake ukapungua. Mtaalamu anayeunda kielelezo cha yabisi iliyobanwa huhusisha mambo matatu: nguvu inayobana kila kipande cha eneo, halijoto na ujazo. Ukiita chanzo mgandamizo, na matokeo mgandamizo, utaandika kwamba mgandamizo ukizidi, mgandamizo huzidi. Hapo umesema nini?

Nashikilia kanieneo, neno ambalo wenzetu wa Tanzania wanalo. Ni kani na eneo, fasili yenyewe imo ndani ya neno. Vilevile tutenganishe joto, ambalo ni nishati inayohama, na halijoto, ambayo ni kipimo tunachosoma kwenye kipimajoto. Wapo watakaosema kanieneo ni geni masikioni. Sawa, lakini hata tarakilishi lilianza hivyo hivyo.

Mwanafunzi wa Kitengela anastahili kuelezwa kwa Kiswahili kwa nini jiwe la aina moja huvunjika tanurini na kugeuka marumaru ardhini. Hataelewa iwapo chanzo na matokeo tumeviita jina moja.