Kupunguza Vilele vya Nguvu Pasipo Kupunguza Nguvu

Mwenye kupima kikuza sauti kwa jenereta ya mawimbi aghalabu hupenda kupeleka toni nyingi kwa pamoja, ili apate kwa mara moja jawabu ambalo angelitafuta kwa muda mrefu toni baada ya toni. Lakini toni hizo, zikianza zote katika kilele chake, hujumlikana kwa nukta moja ya wakati na kuinuka ghafla, kisha muda mwingi uliosalia hulala karibu na sifuri. Tuchukue toni 16, kila moja ina kimo cha volti 1: kilele chake hufika volti 16, ilhali nguvu yake hailingani ila na ya volti 2.83 za betri. Kikuza kisichoweza kupita volti 5 hukikata kilele hicho, na kule kukatwa huzaa masafa mageni yasiyotoka katika jenereta. Na mpimaji akipunguza yote mpaka kilele kienee, kila toni hushuka hadi volti 0.31, na nguvu hubaki takriban moja ya kumi.

Mwaka 1970 Manfred Schroeder, mwanafizikia Mjerumani aliyefanya kazi miaka mingi katika maabara za Bell huko New Jersey, alichapisha kaida ambayo wepesi wake wanistaajabisha hata leo: vimo visiguswe, bali zibadilishwe fezi, yaani mahali ambapo kila wimbi huanzia mzunguko wake. Ikiwa toni zina vimo sawa na masafa yake ni vigawe mfululizo vya masafa moja ya msingi, twaa namba ya toni, izidishe kwa namba iliyoitangulia, kisha kwa digrii 180, na zao lake uligawanye kwa idadi ya toni zote. Kiasi hicho ndicho utakachoirudisha nyuma fezi yake. Katika toni zetu 16, ya kwanza hubaki 0, ya pili hurudi digrii 22.5, ya tatu 67.5, ya nne 135, na pengo baina ya jirani na jirani huzidi kwa 22.5 kila hatua.

Hapo ndipo penye hikima yote, kwani pengo likizidi hivyo kila toni hupata zamu yake, na wimbi zima huwa mfano wa mluzi unaopanda kutoka sauti nzito hadi nyembamba. Kilele hushuka karibu na volti 5, wala hakuna toni iliyopoteza chochote.

Katika simu na televisheni za kidijitali, ambamo aghalabu fezi ndizo zichukuazo ujumbe, kaida hii haifai, na wahandisi hulazimika kukata vilele kisha kuchuja, au kutenga toni chache zisizo na ujumbe ili zivipinge. Tena kichujio kilichoko njiani chaweza kuzivuruga fezi na kukirudisha kilele, kwa hiyo sharti kilele kipimwe pale wimbi linapoingia katika kikuza, si linapotoka katika jenereta. Namsihi kila fundi aijaribu kaida hii kwanza, kabla hajagharimia kikuza kikubwa zaidi.