Daraja Lililoachiwa Waenda kwa Miguu

Daraja la Walnut Street mjini Chattanooga, Marekani, lilijengwa mwaka 1891 na likafungwa 1978 kwa sababu lilikuwa limechoka. Lilikuwa libomolewe. Wakazi wakakataa, wakachanga pesa, na 1993 likafunguliwa tena kwa waenda kwa miguu na baiskeli tu. Ukisoma yanayoandikwa juu yake utakutana na sifa zilezile: machweo, picha za harusi, mikahawa. Sawa, ni daraja zuri. Lakini sifa hizo zinalifanya pambo. Naandika haya Kipini, Tana inapomwagikia baharini, ambako kwenda Ozi ni kupanda boti. Mtu wa huku haoni daraja kama pambo hata kidogo.

Kwanza, uamuzi ule una akili ya kawaida. Daraja lililoshindwa na malori, likikarabatiwa vizuri, bado laweza kuvusha watu miaka mingi. Sisi tulifanya kinyume. Tangu 1931 Mombasa ilikuwa na daraja la Nyali lililoelea juu ya maji, la kulipia. Daraja la zege lilipofunguliwa 1980, lile la zamani likaondolewa. Sitetei kutu. Daraja la kuelea kwenye maji ya chumvi linakula pesa, na vyombo navyo vinataka njia. Lakini hebu tazama kilichofuata. Korona ilipoingia, msongamano wa feri ya Likoni ukawa hatari, na Januari 2021 likafunguliwa daraja la waenda kwa miguu kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, kwa karibu shilingi bilioni 1.9. Nalo, si unaona, lilikuwa la kuelea. Miaka 40 ilipita na tukarudi kwenye boya lilelile, safari hii kwa haraka ya ugonjwa. Anayetembea kwa miguu kwetu hukumbukwa maji yakishafika shingoni.

La pili ni zito zaidi. Juu ya daraja la Walnut Street makundi ya wazungu yaliwanyonga wanaume wawili weusi: Alfred Blount mwaka 1893 na Ed Johnson mwaka 1906. Johnson alikuwa amehukumiwa kifo kwa kosa alilolikana, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imesimamisha adhabu hiyo. Kundi halikusubiri. Hukumu yake ilifutwa mwaka 2000. Mnamo 2021 ndipo sanamu yake, pamoja na za mawakili wake wawili weusi, Noah Parden na Styles Hutchins, ziliposimama kwenye mwisho wa daraja upande wa kusini. Hesabu mwenyewe: tangu daraja lifunguliwe upya hadi siku hiyo, miaka 28 ya picha za harusi.

Hapo ndipo nawalaumu waliolifungua 1993. Waliona mbao na vyuma, wakavitengeneza kwa ustadi, wakayaacha yaliyotokea juu yake. Ndani ya gari unavuka huku ukitazama namba ya gari la mbele. Kwa miguu una muda, unasimama, unashika reli, unauliza hapa palitokea nini. Daraja likishaachiwa watembeao linakuwa na deni la kujibu swali hilo, na Chattanooga ilichelewa kulilipa.

Hata hivyo ililipa, na iliweza kulipa kwa sababu daraja lilikuwa bado limesimama. Lingebomolewa, ile sanamu ingewekwa wapi? Kando ya barabara gani, mbele ya nani? Waliochanga ili wapate mahali pa kupunga upepo walihifadhi pia mahali pa aibu yao, bila kukusudia.

La Nyali la 1931 halina mahali hapo. Nani alilipa kuvuka, nani alilijenga kwa mikono yake, nani alirudishwa kwa kukosa senti: maswali hayo sasa yanategemea picha za zamani na wazee, na wazee wanapungua.